Mwigizaji mkongwe ni nani? Tumtazame Eunice Muñoz wa Ureno

Siku hizi neno "mkongwe" linagawiwa kama pipi. Kijana aliyetoa wimbo wake wa kwanza miaka kumi iliyopita akiingia studio, mtangazaji humkaribisha kwa jina hilo, naye hucheka na kushukuru. Zamani asingeshukuru. Mkongwe alikuwa mzee aliyechoka, wa kushikwa mkono avuke uwanja, na kumwita hivyo mama wa mtu ilikuwa kutafuta ugomvi. Leo, hasa kwenye habari za michezo na burudani, limekuwa neno la heshima.

Lina jamaa zake wawili, nguli na gwiji, na watu huwachanganya. Unguli ni habari ya ufundi. Mtu anaweza kuwa nguli akiwa na miaka 25. Ukongwe ni habari ya muda. Swali ni muda wa nini. Kama ni umri tu, basi kila bibi aliyewahi kuigiza shuleni ni mwigizaji mkongwe. Kama ni miaka tangu mtu aanze, basi aliyecheza filamu moja mwaka 1980 akaenda zake kufungua duka naye yumo. Mimi naona jibu liko kwingine, na sijaona maisha yanayolionyesha vizuri kama ya Eunice Muñoz, mwigizaji wa Ureno aliyefariki tarehe 15 Aprili 2022 akiwa na miaka 93, serikali ya nchi yake ikatangaza maombolezo ya kitaifa. Magazeti ya huko yalizoea kumwita bibi mkubwa wa jukwaa. Kwa Kiswahili tafsiri hiyo ina hatari yake, maana msomaji ataanza kuuliza bibi mdogo ni nani.

Alizaliwa tarehe 30 Julai 1928 Amareleja, kijiji cha Alentejo, kusini mwa Ureno karibu na mpaka wa Hispania. Ni nchi ya mizeituni, mizabibu na jua kali. Mwaka 2003 vipimo vya hapo vilipita nyuzijoto 47, ndiyo sababu Mreno ukimtajia Amareleja huanza na joto kabla ya kumfikia Eunice. Familia yake ilikuwa ya waigizaji na wanasarakasi, watu wa kufunga virago na kufungua jukwaa mji hadi mji, na yeye alianza kutokea mbele ya watazamaji akiwa na miaka mitano. Kwa mtoto wa namna hiyo jukwaa si ndoto. Ni kazi ya nyumbani, kama mtoto wa mvuvi anavyozijua nyavu kabla hajajua kusoma.

Tarehe ya kushika ni 28 Novemba 1941. Siku hiyo, akiwa na miaka 13, alipanda jukwaa la Teatro Nacional D. Maria II, jumba la taifa la maigizo lililoko uwanja wa Rossio, katikati ya Lisbon, likiwa limefunguliwa tangu 1846. Mchezo uliitwa Vendaval, yaani dhoruba, wa mwandishi Virgínia Vitorino. Jumba liliendeshwa na kampuni ya Amélia Rey Colaço na mumewe Robles Monteiro, na katika kampuni hiyo walikuwamo wakongwe wa kwelikweli. Palmira Bastos, kwa mfano, alikuwa amezaliwa mwaka 1875, na alipofikisha miaka 90 bado alikuwa anaigiza. Ufundi unaweza kuusomea darasani, na Eunice aliusomea: alimaliza Conservatório, chuo cha sanaa cha Lisbon, kwa alama 18 kati ya 20. Ukongwe huupati huko. Huo mtoto huuona akiwa amesimama pembeni mwa pazia, akimtazama mtu mzima anavyokaa kimya dakika moja kabla ya kuitwa.

Umaarufu ulikuja upesi. Mwaka 1946 alicheza katika filamu ya Camões ya mwongozaji Leitão de Barros, inayomhusu mshairi yule aliyeitungia utenzi safari ya Vasco da Gama, pamoja na vituo vyake vya Mombasa na Malindi. Eunice alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi hiyo. Filamu nyingine zikafuatana, na kwa muda mfupi sura yake ikawa inajulikana nchi nzima.

Kisha akaacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na jina na hata miaka 25 hajatimiza, alijitoa jukwaani kwa miaka kadhaa. Aliporudi mwaka 1955, kwa nafasi ya Joan wa Arc katika mchezo wa Mfaransa Jean Anouilh, watu walijipanga foleni nje ya Teatro Avenida kutaka kumwona.

Nalikazia jambo hili kwa sababu wanaohesabu ukongwe kwa kalenda hulipita mbio. Wanasema alifanya kazi miaka 80, na hesabu inatimia, lakini ndani ya miaka hiyo kuna shimo. Kuna pia ndoa tatu na watoto sita. Anayedumu kazini si lazima awe hajawahi kuondoka. Wengi wa waliodumu waliondoka, wakapoteza nafasi, wakarudi, wakakuta wengine wamekalia viti vyao, wakaanza kuthibitisha upya.

Hata jumba lenyewe lilipotea. Desemba 1964 D. Maria II liliungua, zikabaki kuta, na halikufunguliwa tena hadi 1978. Kampuni ya Rey Colaço ikahamia Teatro Avenida, nalo likaungua Desemba 1967. Ukisoma historia ya maigizo ya Lisbon unaweza kudhani moto ulikuwa na tiketi ya msimu.

Nchi nayo ilikuwa chini ya udikteta wa Salazar, kisha Caetano. Kila mchezo ulipita kwa wakaguzi na penseli yao ya bluu. Walikata maneno kwenye karatasi, na walikuja kuketi kwenye mazoezi ya mwisho kuhakikisha kwamba mkono au jicho la mwigizaji halisemi kile ambacho karatasi imekatazwa kusema. Wiki za mazoezi zingeweza kuishia hapo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Eunice na mwenzake José de Castro waliunda kampuni yao wakazunguka Angola na Msumbiji, ambazo zilikuwa bado makoloni, vita vya ukombozi vikiendelea. Udikteta uliangushwa tarehe 25 Aprili 1974. Bertolt Brecht, Mjerumani ambaye wakaguzi hawakutaka hata kumsikia, akaweza kuchezwa waziwazi, na mwaka 1986 Eunice alisimama D. Maria II kama Mama Courage, chini ya mwongozaji João Lourenço. Ni habari ya mama mchuuzi anayekokota gari lake la bidhaa nyuma ya majeshi. Anakula kwa vita, na vita vinawala watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Eunice alikuwa anakaribia miaka 60. Angekabidhiwa nafasi hiyo akiwa na 30, gari lile lingekuwa jepesi mno.

Hapo ndipo maana ya ukongwe ninayoitafuta inapoanza kuonekana. Mwigizaji wa kike ana daraja moja baya la kuvuka, lile la kutoka kwenye nafasi za mchumba hadi kwenye nafasi za mama. Waandishi humwandikia binti wa miaka 20 kurasa nzima, halafu humsahau hadi awe bibi wa kuleta chai na kutoka. Wengi hupotea katikati. Mkongwe, kwa maoni yangu, ni yule ambaye watazamaji wamemkubali katika kila umri wake, wala hawakumdai arudi kuwa yule wa zamani. Eunice walimwona mtoto, wakamwona msichana, wakamwona mama, kisha bibi.

Mwaka 1993 wakamwona pia sebuleni kwao kila jioni, katika tamthilia ya televisheni A Banqueira do Povo. Hadithi yake ilitokana na Dona Branca, bibi wa Lisbon aliyepokea akiba za watu kwa ahadi ya riba ya asilimia 10 kwa mwezi, akiwalipa wa jana kwa pesa za leo, hadi alipokamatwa mwaka 1984. Upatu, kwa neno tunalolijua sote. Eunice alikuwa amepita miaka 60, na kuna watu waliomjua kwa mara ya kwanza hapo, wasijue kwamba babu zao waliwahi kupanga foleni kwa ajili yake.

Mchezo wake wa mwisho uliitwa A Margem do Tempo, ukingo wa wakati, kutokana na kazi ya Mjerumani Franz Xaver Kroetz. Hauna mazungumzo. Mwanamke anayeishi peke yake anarudi nyumbani jioni na kufanya mambo ya kila siku: anapanga vitu, anakula, anasikiliza redio. Katika kazi ya Kroetz redio inapiga nyimbo zilizoombwa na wasikilizaji, na aliyekulia kwenye vipindi vya salamu anajua upweke unavyoweza kujificha nyuma ya kipindi kama hicho. Eunice aliigiza na mjukuu wake, Lídia Muñoz, wawili hao wakiwa kama mtu mmoja katika umri tofauti. Bibi alikuwa anaelekea miaka 93. Kijana anafanya jambo kwa mwendo wake, mzee analifanya kwa mwendo wake, na ile tofauti ya sekunde chache kati ya mikono miwili ndiyo mchezo wenyewe.

Maonyesho yalianza Aprili 2021 Oeiras, pembeni mwa Lisbon, katika ukumbi ambao tayari ulikuwa unaitwa kwa jina lake. Yakazunguka nchi, mji hadi mji, kama lile jukwaa la utotoni. Tarehe 28 Novemba 2021 yalifika D. Maria II, miaka 80 kamili tangu usiku wa Vendaval. Mtoto wa 1941 alikuwa amepewa maneno ya kukariri. Bibi wa 2021 hakupewa hata moja.