“Mnara umefika, tuko tayari” na mengine niliyochoka kuyasikia

Kila ninapopima kama watu wako tayari kwa huduma za kidijitali, naambiwa hivyo: nimeambiwa Mpeketoni, nikaambiwa Malindi, na wiki iliyopita nikaambiwa tena ndani ya boti ya Faza, kule Lamu, abiria akininyooshea kidole mnara wenyewe wa simu. Haya, mawimbi yamefika. Nani anayatumia, na kwa kazi gani?

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitua Mombasa mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ikakuta ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi waliotumia intaneti. Duniani kote, wanaoishi penye mawimbi bila kuyatumia ni wengi kuliko wasiofikiwa kabisa: simu janja ni ghali, bando linaisha, kusoma ni shida, au hawaoni la kuwafaa humo. Kama kukaa karibu na mitambo kungekuwa utayari, Ngomeni, kijiji cha pwani karibu na Malindi, ingeongoza dunia, maana setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini pale tarehe 12 Desemba 1970.

Zahanati moja visiwani nilionyeshwa kompyuta iliyofunikwa leso, safi kabisa. Neno la siri alikuwa nalo karani aliyehamishwa. Wagonjwa waliandikwa kwenye daftari lenye jalada lililotoka. Lakini fomu ya tathmini, penye “mna kompyuta?”, ilijazwa ndiyo! Swali hilo nilishalifuta kwenye fomu zangu. Nauliza: jana ilifanya kazi gani? Wakianza kutazamana, naandika sufuri.

“Laini zimezidi watu.” Zimezidi, ndiyo. Muuza samaki mmoja ana laini tatu, na mamake hana simu. Hesabu watu.

“Kenya ina alama nzuri.” Alama ya nchi ya utayari wa kidijitali ni wastani, na Nairobi imo ndani yake. Usiibebe hadi Kiunga, kule mpakani na Somalia.

“Vijana wanajua.” Wanajua kukata video, na wanaikata vizuri kunishinda. Kijana mmoja wa hapa Malindi, fundi wa video hasa, alitakiwa kutuma barua ya kazi kwa baruapepe. Aliipiga picha ikiwa mezani, kidole gumba chake kikaonekana pembeni, kisha akanipigia: “Mwalimu, sasa hii naiambatanisha wapi?”