Je, wajua? Huko Marekani kuna watu wanapinga marufuku ya kutoa mimba kwa kutumia dini yao

Wengi wetu tukisikia dini na kutoa mimba tunawaza kitu kimoja tu, dini inakataza basi. Mi pia nilikuwa hivyo mpaka nikasoma kesi ya jimbo la Indiana.

Iko hivi. Juni 24, 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wa Roe dhidi ya Wade wa 1973, ule uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, kila jimbo likabaki na maamuzi yake, Indiana wao wakapiga marufuku karibu yote wakaacha mianya michache tu kama mama kuwa hatarini au ubakaji. Septemba mwaka huohuo wanawake kadhaa, majina yao yamefichwa, wakaenda mahakamani pamoja na Hoosier Jews for Choice, kundi la Wayahudi wa Indiana wanaotetea haki ya kutoa mimba. Wanasema dini yetu haikatazi kila mara, na kuna wakati inatuamrisha kabisa.

Inaamrishaje? Mishna, ambayo ni mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi wa karibu miaka 1800 iliyopita, inasema mwanamke akishikwa na uchungu mgumu wa kumuua, mtoto akatwe humohumo tumboni atolewe, maana uhai wa mama unatangulia, ila sehemu kubwa ya mwili ikishatoka mtoto haguswi tena kwa sababu nafsi haitolewi kwa ajili ya nafsi nyingine. Maneno mazito, ukiyasoma unakaa kimya kwanza. Wakataja na Uislamu, ile hesabu kwamba mtoto aliye tumboni hupulizwa roho siku ya 120 ambayo aliyepita madrasa anaijua, japo wanazuoni wenyewe wanatofautiana sana kipi kinaruhusiwa kabla ya hapo.

Sasa sheria waliyoegemea ni ya uhuru wa dini, ilisainiwa 2015 na Mike Pence, gavana wa Indiana wakati huo, ambaye mwenyewe ni mpinzani mkubwa wa utoaji mimba. Inasema serikali ikimbana mtu kwenye ibada yake lazima ionyeshe ina sababu nzito kwelikweli na haina njia nyingine nyepesi zaidi. Serikali ikajibu kulinda uhai siyo suala la dini, na huwezi kumdhuru mwingine ukasingizia imani. Hoja nzito hiyo, mi siibezi, ila ugomvi wote uko kwenye hilo neno "mwingine", linaanza kuwa kweli lini, na hapo ndo dini hazikubaliani.

Desemba 2022 jaji Heather Welch akatoa zuio la muda, Aprili 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Kilichoibana serikali ni mianya yake yenyewe, yani kama unaweza kumruhusu aliyebakwa na hugusi kabisa mimba za kupandikiza maabara, kwa nini ushindwe kumruhusu mwenye imani ya kweli?

Siyo kila jimbo limeenda hivyo. Missouri sheria yao ya kupiga marufuku kutoa mimba iliandika kabisa kwamba Mungu Mwenyezi ndo chanzo cha uhai, viongozi wa dini wakashtaki kwamba hiyo ni kuchanganya dini na serikali, Juni 2024 jaji akawakatalia, akasema kuamini uhai unaanza mimba inapotunga siyo lazima iwe imani ya dini.

Na zuio la Indiana halikuifuta sheria, liliwakinga wale tu ambao imani yao inawaelekeza hivyo, mwanamke mwingine yeyote marufuku ilibaki palepale.