Kanda za albamu zilizofichwa: kazi inayofanyika kabla hazijasikika

Mwanamuziki Neil Young alirekodi albamu ya Homegrown kati ya 1974 na 1975, akaiweka kando, akatoa Tonight's the Night. Homegrown ikaja kutolewa mwaka 2020. Hitchhiker, ya usiku mmoja wa Agosti 1976 huko Malibu na prodyuza David Briggs, ilitoka 2017. Kwa nini msanii anafungia kazi yake ni habari ndefu. Hapa nazungumzia kanda zenyewe.

Kanda nyingi za sumaku za katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea, hasa za chapa ya Ampex, namba 406 na 456, zina gundi inayonyonya unyevu hewani. Gundi ikichakaa hunata. Ukiiweka kanda kwenye mashine inapiga kelele kama bawaba kavu, vichwa vya mashine vinavyosoma kanda vinajaa masizi ya kahawia, na sauti za juu zinafifia. Masizi hayo ni oksidi, unga wa sumaku unaobeba sauti, na oksidi ndiyo muziki, ikibanduka imekwenda. Zima mashine hapo hapo, wala usiirudishe kanda nyuma kwa kasi.

Dawa yake ni kuoka. Lakini kwanza shika rili, yaani gurudumu la kanda, mbele ya taa: mwanga ukipenya kwenye ubavu wa kanda, hiyo imetengenezwa kwa plastiki ya asetati, na asetati haiokwi kamwe kwa sababu hujikunja na kukatika. Kanda ya poliesta hubaki nyeusi. Hiyo oka kwa nyuzijoto 54: yenye upana wa robo inchi takriban saa 8, ya inchi 2 siku nzima au zaidi, ukiigeuza katikati. Oveni ya jikoni haifai, maana joto lake hupanda na kushuka, na ya gesi hutoa mvuke. Kikaushio cha matunda chenye feni kinatosha, ila kipime kwa kipimajoto chako, usiamini namba za kwenye swichi. Iache ipoe kwa muda ule ule iliookwa. Baada ya hapo una wiki chache tu kabla unyevu haujarudi.

Wakati wa kuhamishia sauti kwenye mfumo wa kidijitali, soma boksi: kasi ni inchi 15 au 30 kwa sekunde? NAB au IEC, yaani kiwango cha kusawazisha sauti za juu na za chini? Kuna Dolby A, mfumo wa kupunguza mchakacho ambao lazima ufunguliwe wakati wa kucheza? Ukisahau kuifungua Dolby A, sauti inakuja kali na yenye mchakacho, na wapo wanaoisifu eti ina uhai. Tumia mlio wa kilohezi 10 ulio mwanzoni mwa rili kunyoosha pembe ya kichwa, na urudie kwa kila rili. Hifadhi kwa biti 24 na kilohezi 96 au 192.

Kuhusu miksi, yaani sauti zote zikishachanganywa kuwa wimbo kamili, nina msimamo: kama miksi ya enzi ile ipo na ni nzima, iachwe. Ukibaki na treki tupu, yaani sauti zilizorekodiwa moja moja, changanya upya na uandike hivyo kwenye jalada. Kanda ya asili usiitupe. Andika tarehe ya kuoka kwenye boksi, kwani atakayeifungua baadaye atalazimika kuioka tena.