Onyo la Kerneli Haliponi kwa Kufomati

Jamani, acheni kufomati. Memori kadi inaletwa imeshafomatiwa mara mbili tatu, picha za harusi zimekwenda, na onyo la kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) bado liko palepale. Dhana ni kwamba draiva (programu inayoendesha kifaa) ikilalamika wakati wa kuandika, kadi imekufa au ina virusi, na dawa ni kufomati. Si kweli. Kufomati kunapanga upya mfumo wa faili tu. Hakugusi umeme, soketi wala mawasiliano kati ya draiva na kadi.

Lisome onyo lenyewe. Fungua `sudo dmesg -wT`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli papo hapo, chomeka kadi, kisha nakili faili kubwa. Shika mstari wa kwanza wa kosa. Inayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Draiva ya mmc (ya memori kadi) ikitoa `error -110`, kadi haikujibu kwa wakati. Ikitoa `-84`, data imevurugika njiani na CRC (hesabu ya kuhakiki data) haikulingana. Yote mawili yanakutaka uanze na njia: meno ya kadi, soketi, adapta ya microSD. Hapa Mombasa hewa ya chumvi haina huruma na meno hayo. Yapanguse kwa alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, yakauke kabisa, ndipo ujaribu tena.

Bado? Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kisoma kadi, halafu tundu, halafu kebo. Hab ya USB (kigawa tundu) isiyo na umeme wake iondoe mwanzo kabisa. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500. Diski na flashi zikigombania hizo, utaona `reset high-speed USB device` ikijirudia.

Namba za sekta (vipande vya hifadhi) kwenye makosa hayo nazo zinasema. Zikirukaruka, shuku njia au umeme. Kosa likirudi sekta ileile hata kwenye kisoma kadi kingine, shuku chipu yenyewe, na uvute nakala nzima kwa `ddrescue` (programu ya kuokoa data) kabla ya jambo lolote, `fsck` (ya kukarabati mfumo wa faili) ikiwemo, kwani `fsck` huandika juu ya kadi na haifufui seli zilizochoka.

Wengine husema onyo la “No Caching mode page found” ni ubovu. Hapana. Kerneli imeuliza habari za kache (hifadhi ya muda), flashi haikujibu, ikachagua njia salama ya `write through`, yaani kuchukulia data inaandikwa moja kwa moja. Iacheni.

Wengine husema: imefika 100%, chomoa. Hapana. Data huenda bado iko kwenye RAM. Andika `sync` ili data yote iandikwe, ngoja amri imalize, kisha `umount` ili kuitenganisha kadi.

Wengine husema kadi ya GB 64 inayoonyesha 59.6 ni feki. Hapana. Hiyo ni hesabu tu: baiti bilioni 64 zikigawanywa kwa 1024 mara tatu. Feki hujitangazia ukubwa isio nao, na ukipita ukubwa wake halisi faili zinaharibika kimyakimya. Ijaze kadi yote kwa `f3write`, isome kwa `f3read` (programu za kupima ukubwa halisi), ungali na risiti mkononi.