Upepo wa Marsabit una wenyewe: dhana potofu kuhusu jamii za asili na nishati safi

Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit kaskazini mwa Kenya, mashariki mwa Ziwa Turkana, utaona vibanda vifupi vya mviringo vilivyoezekwa makuti ya mikoma, mradi upepo upite juu bila kuving'oa. Waturkana, Warendille, Wasamburu na Waelmolo wameuzoea upepo huo tangu enzi za mababu. Leo unazungusha mitambo mikubwa ya umeme, na kila wenyeji hao wanapodai haki yao, maneno ya kuwapuuza ni yale yale. Nimeona niyajibu.

Dhana: Ardhi ile ilikuwa tupu.

Hili ndilo kosa linalozaa mengine. Anayepita na gari haoni nyumba wala shamba, basi anadhani hakuna mwenyewe. Muulize mama wa Kirendille aliyebaki manyattani vijana wake wako wapi. Atakwambia wako fora, yaani kambi za mbali walikokwenda na ngamia kutafuta malisho. Mvua ikinyesha watarudi. Malisho yanayoachwa miezi kadhaa yapumzike ni akiba, kama ghala la mkulima, na hakuna anayesema ghala halina mwenyewe kwa sababu leo mlango umefungwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 63, inayataja malisho kuwa sehemu ya ardhi ya jamii.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulipewa ekari 150,000. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati miliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Mabishano mahakamani hayakuishia hapo, lakini walioambiwa kwamba hawana chao walikuwa wamesikilizwa.

Dhana: Umeme usio na moshi hauna dhuluma.

Moshi ni jambo moja, ardhi ni jambo jingine. Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini unaipa Kenya umeme safi, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV. Walipolalamika, Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuta kwamba Benki, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili, haikutumia sera yake yenyewe ya kuwalinda watu wa asili. Wasuluhishi wakaletwa watu wakiwa wameshahama.

Dhana: Anayeishi chini ya nyaya ana umeme.

Laini inayosafirisha umeme wa upepo kutoka Marsabit hadi Suswa, kusini mwa Kenya, ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na umeme wake ni wa kilovolti 400. Umeme wa msongo huo hauingii nyumbani kwa mtu. Unahitaji kituo cha kupozea, transfoma na nguzo za kijijini, na lazima mtu aamue kuvigharamia. Asipopatikana wa kuamua, nyaya zitapita juu ya manyatta huku chini mtoto akisoma kwa tochi ya simu.

Dhana: Watu wa asili wanapinga maendeleo.

Kule Kipeto, Kajiado, Wamaasai wenye mashamba walikodisha ardhi yao kwa mradi wa upepo wa megawati 100. Mitambo inazunguka, ng'ombe wanalisha chini yake, na ardhi imebaki kwa majina yao. Hawa ni Wamaasai, kama wale wa Olkaria. Kilichobadilika ni kwamba Kipeto mwenye ardhi alikaa mezani akiwa mwenye ardhi.

Na mara nyingine kupinga ndiko kuongoza. Mto Omo wa Ethiopia huleta takriban asilimia 90 ya maji yanayoingia Ziwa Turkana. Bwawa la umeme la Gibe III lilipoanza kujengwa juu ya mto huo, Ikal Ang'elei, binti wa Kiturkana, aliwakusanya watu wa ziwa hilo wakapaza sauti. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilipitisha azimio la kutaka madhara ya bwawa yachunguzwe na watu huru, na mwaka 2012 Ikal alipewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira. Bwawa lilikamilika hata hivyo. Walichodai wavuvi, kwamba umeme wa maji nao una gharama kwa anayeishi mwisho wa mto, hakijapoteza ukweli wake.

Dhana: Chifu au mbunge akikubali, jamii imekubali.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema vingine. Mkataba wa mwekezaji kwenye ardhi ya jamii hauna nguvu mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii, na mkutano wenyewe uwe umehudhuriwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo. Wanawake wanahesabiwa. Vijana walioko fora wanahesabiwa. Kwa hiyo anayeitisha mkutano wakati wa kiangazi, wachungaji wako mbali na ngamia, ajiandae kusubiri mvua au awatumie gari.