Ubao Mgumu Si Lazima Uwe Bora kwa Kibao cha Kuchongwa kwa Mchanga

Wapo wanaoamini kwamba kibao cha jina kinachochongwa kwa mchanga unaorushwa na hewa ya kompresa kinahitaji mbao ngumu kuliko zote, kwa hoja kwamba ugumu ndio uimara. Dhana hiyo inaeleweka, lakini ni potofu.

Mchanga haukati kama patasi. Hula sehemu laini na kuacha ngumu. Katika mierezi myekundu ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, na katika miti ya sekwoia ya pwani ya California, kila pete ya mwaka ina tabaka pana na laini lililokua mwanzoni mwa msimu, na tabaka jembamba, gumu zaidi, lililokua msimu ulipoelekea kuisha. Mchanga huondoa la kwanza, la pili likabaki limeinuka, na hiyo ndiyo mistari inayopamba kibao huku herufi, zilizofunikwa kwa mpira, zikibaki bapa. Mti mgumu wenye msongamano ulio karibu sawa kote, kama mepo (maple kwa Kiingereza), huliwa polepole na hautoi mistari hiyo.

Kwa maoni yangu, mpasuo, yaani jinsi gogo lilivyopasuliwa kuwa mbao, una uzito karibu sawa na aina ya mti. Ubao ambao pete zake husimama wima dhidi ya uso wake hutoa mistari myembamba iliyonyooka. Ule ambao pete zake zimelala hutoa mabaka mapana, tena hupinda kwa urahisi zaidi.

Ama kuhusu kudumu nje, kinachozuia kuoza ni kemikali za asili zilizomo katika kiini cha mti, yaani sehemu ya ndani ya shina, si ugumu: kiini cha mwerezi huo, ingawa hukwaruzwa hata na ukucha, hustahimili mvua kwa miaka mingi, ilhali mepo huoza upesi.