Hamburger: neno lisilo na nguruwe

Wengi wanaojua kwamba "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya paja la nguruwe huamini kuwa hamburger ni "ham" iliyobandikwa "burger". Sivyo. Neno linakatwa hivi: Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, halafu kiishio -er, yaani "-a Hamburg". Ndivyo soseji ya Frankfurt ilivyoitwa frankfurter. Karne ya 19 Wamarekani walikuwa tayari wakila nyama ya ng'ombe ya kusaga waliyoiita kwa jina la mji huo. Nao mji ulipewa jina la ngome, Hammaburg. "Burg" ni ngome, si mkate.

Kosa la kulikata neno, "ham" na "burger", ndilo lililozaa cheeseburger ("cheese" ni jibini), miaka ya 1930, na hatimaye burger, baga yetu. Tusiwacheke: sisi tulipokea "mudguard", tukasikia ma- ya wingi, tukapata madigadi, na kimoja tukakiita digadi. Kitabu nacho, neno la Kiarabu, kilizaa vitabu.

Kama baga ya mgahawani ni halali, hilo muulize mpishi. Jina halitakwambia.